Naomba ruhusa

Katika miaka sita niliyokaa kwenye kiti cha mhasibu msaidizi pale Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, maneno niliyoyatamka kuliko yote yalikuwa mawili: naomba ruhusa. Naomba ruhusa niwahi kliniki. Naomba ruhusa, dada wa nyumbani kaondoka bila kuaga. Naomba ruhusa kidogo tu bosi, mama yangu anashuka kwenye basi na hajui mji. Unayasema umesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, kama mtu aliyekwisha kukataliwa kabla hajajibiwa. Nimewaona hata mameneja wenye magari ya ofisi wakisimama hivyo hivyo. Wengi wao wanawake.

Wanangu ni mapacha, Kulwa na Doto, waliozaliwa 2017 kwa upasuaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja zinakuwa 100. Mwenzangu wa dawati la pili, aliyetoka kujifungua mmoja, alinitania kwamba mhasibu ni mhasibu, hata kuzaa anazaa kwa hesabu. Baba yao alipata siku 3, ambazo ndizo zilizoandikwa kwenye sheria. Zilimalizika mimi bado nipo wodini, nikitembea nimejikunja kama kikongwe kila nikitaka kwenda msalani.

Siku ya 101 niliamka saa kumi za usiku. Tunakaa Segerea. Ukitaka kupata kiti kwenye daladala badala ya kuning'inia, uwe kituoni kabla ya saa kumi na mbili kasorobo. Ukichelewa dakika ishirini tu, foleni ya Tabata mpaka Buguruni inakumaliza. Niliacha chupa nne za maziwa kwenye friji, kila moja imebandikwa plasta yenye saa ya kunyweshwa. Saa nne asubuhi, katikati ya kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, blauzi ikalowa. Nikaenda stoo ya mafaili, nikakaza mlango kwa kiti, nikakamua nimekalia boksi la vocha za 2012. Makaratasi yaliyokaa miaka bila hewa yana harufu yake. Nikiisikia mpaka leo kifua kinashtuka, na watoto wenyewe wanajisomea darasani.

Chupa niliiweka kwenye friji ya ofisi. Mzee wetu wa chai akaitoa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, haya ndiyo ya chai ya kikao?" Jioni hiyo nilipita Kariakoo kununua kibegi cha kutunzia baridi.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi masaa mawili kwa siku. Lakini mtoto yuko wapi? Wangu walikuwa Segerea. Masaa mawili yangeniishia Buguruni, nigeuze gari nirudi. Aliyeniokoa ni bosi wangu wa wakati ule, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Alisema, "Usiyale katikati. Yale mwishoni." Nikawa natoka saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja. Tulikubaliana hivyo, tukaendelea na kazi, na hakuna aliyeandika chochote.

Miezi mitano baadaye alihamishwa. Aliyekuja akafungua rekodi za kuingia na kutoka, akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. "Hii saa tisa nani aliidhinisha?" Nikamtaja mwenzake. "Barua iko wapi?" Sikuwa nayo. Mimi, mtu niliyekuwa nakataa kulipa elfu ishirini ya teksi kwa sababu haina risiti, nilikuwa nimeyaweka masaa yangu mawili kwenye mdomo wa mtu. Siku hizi mama akiniambia "nimeelewana na bosi", namuuliza kama wameelewana kwa maandishi.

Na wadada wa kazi. Wa kwanza alikaa miezi mitano, wa pili wiki tatu, wa tatu akapigiwa simu na kwao Iringa Jumapili jioni, Jumatatu alfajiri nikakuta begi lake halipo. Mjini hapa watu wanawaita beki tatu na kucheka. Mimi kicheko hicho kilinikauka. Mshahara wangu wote ulikuwa umesimama juu ya mabega ya binti wa miaka kumi na tisa, ambaye tulimlipa kiasi nisichothubutu kukiandika hapa. Nilikuwa nalalamikia masaa mawili ya sheria wakati yeye hakuwahi kuipata hata Jumapili nzima. Wala sikumbuki kama aliwahi kuniomba ruhusa. Alikuwa ameshajua jibu.

Niliandika notisi ya siku 28 watoto wakiwa na miezi kumi.

Miaka mitatu ya nyumbani naipita haraka, maana aliyeiishi anaijua na asiyeiishi hataamini. Nasema moja tu. Zahanati, nesi alikuwa anajaza kadi ya Doto, akauliza jina, umri, mtaa. Penye kazi ya mama hakuniuliza. Alinitazama, khanga, ndala, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akaandika "mama wa nyumbani" na kupiga mstari. Hakukosea. Nilichoshangaa ni jinsi ilivyoniuma.

Nikaanza kutafuta. Niliitwa kwenye usaili mara tatu, na mara zote tatu, baada ya maswali ya kazi, lilikuja lile jingine kwa sauti ya kirafiki: "Watoto wana umri gani? Nani anabaki nao?" Kifungu cha 7 cha sheria ile ile kinakataza ubaguzi kazini, na katika misingi iliyotajwa imo mimba, ndoa na majukumu ya familia. Kinamlinda hata mwombaji wa kazi. Nilikijua kifungu hicho. Nilikijua nikiwa nimekaa pale, natabasamu, nikijibu kwamba mama mkwe yupo nyumbani anawalea. Uongo mtupu. Mama mkwe wangu yuko Songea na kuku wake, na Dar es Salaam anaichukia.

Kilichonirudisha kazini ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu.

Kikoba chetu kina kina mama ishirini na tano, tunakutana Jumamosi jioni. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti; mmoja asipofika, sanduku halifunguki, na kikao kinageuka kuwa cha kumsema. Katibu wetu alihamia Mwanza, daftari nikakabidhiwa mimi kwa sababu "umesoma". Lilikuwa limechakaa, kurasa zina mafuta ya maandazi. Nikakaa nalo usiku mbili, watoto wamelala, nikitumia penseli zao za rangi: nyekundu kwa mikopo, kijani kwa hisa. Kumbe riba za watu wawili zilikuwa zinaandikwa mara mbili, na faini za mwaka mzima hazikuingizwa popote. Hesabu ilikuwa imepotoka kwa 340,000. Saa saba usiku ikakaa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Nikajikuta natabasamu peke yangu mezani, kitu ambacho sikumbuki kukifanya Posta.

Nilipoisoma Jumamosi ile, mwanakikundi mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi njia ya Kinyerezi alisubiri wenzake watawanyike. "Mama Kulwa," akasema, "hizo akili zako za Jumamosi, siku nyingine zinakwenda wapi?"

Hesabu zake zilikuwa kwenye katoni ya biskuti. Nilipoifungua nikakuta nusu ya risiti ni nyeupe. Risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, zinachapwa kwa joto, wino haumo. Zikikaa juani, au kwenye dashibodi ya Fuso linaloleta saruji, maandishi yanafifia mpaka unabaki na kivuli cha namba. Nilisimama mlangoni pa duka nikiielekeza moja kwenye mwanga, nikiigeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti bandia. Nikaona herufi za "NONDO" na sifuri mbili, basi. Duka lake limesajiliwa kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, na kodi aliyolipa kwenye manunuzi hawezi kuidai kwa karatasi nyeupe. Alikuwa anaipoteza kila mwezi na kudhani ni biashara mbaya.

Dawa yake ilikuwa ya kawaida mno. Kijana wa duka akapewa kazi moja: kila jioni, akishatoa ripoti ya Z, ile ya kufunga mauzo ya siku, anapanga risiti za manunuzi kwenye kaunta, anazipiga picha, ananitumia WhatsApp, halafu zenyewe zinaingia kwenye bahasha ya siku hiyo. Kundi tuliliita Risiti. Wiki mbili baadaye nikagundua kwamba bila kukusudia nimejipatia ofisi. Zile picha naweza kuziingiza saa tatu asubuhi watoto wakiwa shule, au saa nne usiku. Yule mama hakuwahi kuniuliza niko wapi. Aliuliza swali moja tu: "Ishirini itatukuta salama?"

Hapo ndipo nilipofunguka macho, na kama kuna kitu ningependa mama mwenzangu akichukue kwangu ni hiki. Kuna kazi zinazodai uwepo, na kuna kazi zinazodai tarehe. Makato ya kodi ya mishahara yanatakiwa TRA, Mamlaka ya Mapato, kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT tarehe 20, ndiyo ile ishirini, na wafanyabiashara wadogo wanaokadiriwa kodi wanalipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukizikosa hizo, hakuna anayetaka kusikia mtoto alikuwa na homa. Ukizipata, hakuna anayeuliza ulifanya kazi ukiwa umevaa nini. Rafiki yangu muuguzi hana ujanja, wodi inadai uwepo, na aliyemwambia "jipange tu" alimkosea adabu. Fundi cherehani wa mtaani kwetu hajawahi kukaa kwenye usaili lakini siri hii anaijua tangu zamani: sare za shule zinadai Januari, basi. Nilipoteza mwaka mzima nikisoma matangazo ya kazi kwa jina la cheo na mshahara, sikuwahi kujiuliza kazi yenyewe inadai nini.

Bei nayo ilinifundisha kwa viboko. Mwenye vifaa vya ujenzi aliponiuliza nataka ngapi kwa mwezi, nilitaja 80,000, tena kwa sauti ya kuuliza. Akakubali papo hapo. Mtu anayeuza misumari kwa kilo hakubali bei haraka namna ile, nikajua nimejiuza. Mteja wa pili, mwenye duka la dawa baridi Kimanga, nilimwambia 200,000 na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho. Zilipita labda sekunde kumi, mdomo ukiniwasha kuongeza "lakini tunaweza kuongea". Sikuongeza. Akashusha hadi 180,000, tukashikana mikono.

Wa nne walikuwa kampuni ndogo ya usafi. Malipo yao ya kwanza nilitegemea 300,000, zikaingia 285,000. Nikapiga simu nimefura. Kodi ya zuio, asilimia 5 ya ada ya huduma, akanijibu kijana wao kwa heshima zote, nami ndiye niliyemwandalia ile orodha ya makato wiki moja kabla. Tukacheka. Siku hizi kodi hiyo naiweka kwenye hesabu kabla sijataja bei, na hati ya zuio naidai siku ile ile ya malipo.

Mipaka yangu naijua. CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu, sina. Naandaa vitabu vikae sawa. Hesabu za mwisho wa mwaka za kampuni zinakwenda kwa mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, na mteja akinibembeleza nimalizie mwenyewe kwa bei ya chee, namkatalia.

Leo nina wateja sita. Mwezi mzuri unanipa zaidi ya mshahara wa Posta, mwezi mbaya unanipa pungufu, na mwezi mbaya hautoi taarifa. Kuna gereji moja ina deni langu la miezi mitatu, mwenyewe akiniona ananiita "mama lao" na kuniagizia soda. Soda nakunywa. Likizo yenye malipo sina. Michango yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ilikatika siku niliyoacha kazi, na nilikaa zaidi ya mwaka nikisema nitajiandikisha mwezi ujao kama mwanachama wa hiari. Mhasibu mzima, nikiwahesabia wengine uzee wao. Nilijiandikisha baada ya kuugua typhoid na kulala wiki mbili, nikitazama dari na kugundua kwamba mimi nikilala, kila kitu kinalala.

Na huo uhuru wa kupanga muda una njaa yake. Hauna saa kumi na moja jioni. Wateja walikuwa wananipigia saa nne usiku kuuliza salio, nami napokea, kwa sababu ndani yangu bado kulikuwa na yule mtu wa mlangoni anayeogopa kufungiwa. Watoto ndio walioniwekea mpaka. Nilimsikia Doto akimzuia mtoto wa jirani getini: "Usiingie, mama ana ishirini." Alitamka kama mtu anayesema mama ana malaria. Nikanunua laini ya pili, naizima saa moja jioni, isipokuwa kati ya tarehe 17 na 20. Siku hizo nne nyumba nzima inajua tunakula chipsi mayai.

Mwaka jana kazi ilinizidi nikamtafuta msaidizi. Nilimpata binti mwenye cheti cha uhasibu, mtoto wa miezi saba, anakaa Kinyerezi ndani. Nikamweleza mfumo wangu kwa majigambo kidogo: hakuna ofisi, hakuna kusaini, picha zinakuja, unaingiza, nalipa kwa faili, na makubaliano haya hapa kwenye karatasi, weka saini. Alisoma mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo dada, hata mtoto akiwa mgongoni?" Nikamwambia hata akiwa kichwani.

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa nne, tarehe 19, saa mbili asubuhi, ujumbe ukaingia. "Dada shikamoo. Naomba ruhusa leo, mtoto anaharisha tangu usiku."

Nilihisi joto likinipanda shingoni. Faili la duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa kwake, na duka la dawa pia. Vidole vikaandika vyenyewe: "Ungeniambia mapema." Nikausoma ule ujumbe kabla sijautuma. Ulikuwa neno kwa neno ule niliojibiwa Posta siku Kulwa alipopata degedege, na wakati ule nilijiapiza kwamba mtu wa kumwandikia mama maneno hayo hana roho.

Nikaufuta. Nikamuuliza amefikia wapi. Akajibu amefika tarehe 14, zilizobaki amezipanga juu ya kabati. Nikampigia kijana wa bodaboda wa kituo chetu, nikamwambia aanzie duka la dawa achukue ORS na zinki, avipeleke Kinyerezi, na bahasha atakazopewa kule asizikalie.

Nilimaliza saa nane na dakika kumi usiku. Doto aliamka kwenda msalani, akanikuta mezani, risiti zimejaa mpaka juu ya chupa ya chai. Akasimama mlangoni, mkono umeshika fremu, akauliza kama ishirini imefika.

"Imefika," nikamwambia. "Njoo ukae."